Mwezi wa Tatu Si Mapema Mno

Mfugaji mwenye busara hangoji ng'ombe wake azae ndipo aanze kumtazama. Mara ajuapo kwamba ng'ombe amechukua mimba, humwongezea majani, humpa chumvi, humwondolea kupe, na huandika katika daftari tarehe aliyopandwa ili aijue siku atakayozaa. Akiona dalili ya udhaifu, humwita bwana mifugo bila kukawia. Hapana mtu ambaye humcheka kwa ajili ya bidii hiyo. Walakini katika boma lilo hilo, mara nyingi mama wa nyumba huchukua mimba miezi mitano au sita, akilima, akiteka maji na kubeba kuni, pasipo mtu ye yote kuuliza damu yake ina nguvu kiasi gani, wala kuandika tarehe yo yote. Si kwamba mume hampendi mkewe. Ni kwamba hajaambiwa kuwa kazi kubwa ya kumjenga mtoto hufanyika katika miezi ile ile ambayo watu huipitisha kwa kungoja.

Wala haisemwi kwamba kliniki haijulikani. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022, ilionekana kwamba wanawake kama 98 katika kila 100 waliozaa walikuwa wamehudumiwa walau mara moja na mtu mwenye ujuzi kabla ya kuzaa. Lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa kama 66 tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2016 kwamba mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya walau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia majuma 12. Basi kosa haliko katika kutokwenda. Kosa liko katika kuchelewa kwenda, na baada ya kwenda, kukatiza safari njiani.

Nyumba mbili, boma moja

Mfano wa ndugu wawili wa upande wa magharibi ya Kenya, wakaao boma moja penye mahindi na miwa, utalidhihirisha jambo hili. Mkubwa ni mkulima. Mdogo ni karani wa mizani katika kiwanda cha sukari. Wake zao walichukua mimba mwaka mmoja, wakapishana kwa majuma machache tu.

Mke wa mkulima alipoona dalili alinyamaza. Mama mkwe wake alipotambua, alimwambia kwa upole, “Mwanangu, ngoja kwanza tumbo lionekane. Kilichofichika hakipigwi jicho.” Naye mume alisema kwamba fedha za nauli zitapatikana mbolea ikishanunuliwa. Maneno hayo yalisemwa kwa mapenzi wala si kwa ubaya, maana wazee wameona mimba changa nyingi zikiharibika, na ni desturi ya heshima kutotangaza jambo kabla halijathibitika. Basi mama yule alifika kliniki mwezi wa saba. Muuguzi alimtazama kope na viganja, akampima damu, akaona himoglobini yake ni gramu 7 na nusu tu katika desilita moja, hali mama mjamzito hapaswi kupungukiwa na gramu 11.

“Mama, mbona mmekawia hivi?” aliuliza muuguzi.

Mume ndiye aliyejibu. “Sista, tulikuwa tukingoja mambo yawe dhahiri.”

“Baba,” akasema muuguzi, “kwa mtoto mambo yalikuwa dhahiri tangu mwezi wa kwanza. Damu ambayo tungaliijenga kwa miezi sita, sasa yatupasa kuijenga kwa majuma machache.”

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, uzito wake kilo 1 na gramu 900. Alifungwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, akaishi. Lakini kwa miezi mingi wenziwe walikaa naye akiwa bado amelala, nao walisimama naye akiwa bado anajifunza kukaa.

Mke wa karani alisindikizwa na mumewe juma la kumi. Karani alikuwa ameiandika tarehe, kama ilivyo desturi ya kazi yake, na alidhani kwamba safari hiyo ni ya kupewa vidonge tu. Wote wawili walitolewa damu. Majibu yalipokuja, virusi vya UKIMWI havikuonekana, lakini ugonjwa wa kaswende ulionekana kwa wote wawili, japo hakuna aliyekuwa na kidonda wala maumivu. Uso wa karani ulibadilika. Akauliza kwa sauti ya chini, “Sista, ni nani kati yetu aliyeuleta?”

Muuguzi akamjibu, “Bwana, ugonjwa huu waweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Damu haisemi uliingia lini wala kwa mlango gani. Inasema tu kwamba mtoto yumo hatarini, na kwamba dawa iko hapa.”

Karani alinyamaza kitambo, akamtazama mkewe aliyekuwa amejifunika uso kwa leso. Kisha akasema, “Basi, tuchomeni sote wawili.” Walichomwa sindano ya penisilini mara moja kila juma kwa majuma matatu. Mtoto wao alizaliwa kwa siku zake, mzima wa viungo vyote.

Kaswende isiyotibiwa huua watoto wengi tumboni, na wengine huzaliwa dhaifu au wenye ulemavu. Sindano zilizomwokoa mtoto huyu zilikuwa kazi ya dakika chache, lakini zilifaa kwa sababu zilichomwa mapema, na kwa sababu baba alikuwako. Kama angalitibiwa mama peke yake, ugonjwa ungaliweza kumrudia kutoka kwa mumewe kabla ya kujifungua.

Kazi ifanyikayo gizani

Sababu ya kusisitiza miezi ya kwanza ni hii. Siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, bomba dogo ambalo baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo huwa limekwisha kujifunga. Lisipojifunga vema, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au fuvu lake huwa halikutimia. Wakati huo mama mwenyewe huenda bado anahesabu siku na kujiuliza kama ana mimba.

Ujuzi wa kulizuia jambo hili ulipatikana kwa njia ndefu. Tangu mwaka 1928 daktari mmoja Mwingereza, Lucy Wills, alifanya uchunguzi katika mji wa Bombay nchini Uhindi, ambako wanawake wajawazito, na hasa wale maskini wa viwanda vya nguo, walikuwa wakipungukiwa damu vibaya sana. Aliona kwamba walipopewa Marmite, chakula cha bei nafuu kitengenezwacho kwa hamira, damu yao ilirudi. Mwaka 1931 aliyatangaza hayo, ingawa kitu chenyewe kilichofanya kazi hiyo hakikuwa kimejulikana bado. Mwaka 1941 wataalamu walikipata katika majani ya spinachi, kikaitwa asidi ya foliki. Hatimaye, mwaka 1991, yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 7, miongoni mwa wanawake 1,817 ambao walikuwa wamekwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro kama hiyo. Wale waliopewa foliki tangu kabla ya kuchukua mimba nyingine walipata kinga ya sehemu 72 katika 100.

Ndiyo sababu tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kutia madini ya chuma, foliki na virutubisho vingine katika unga wa ngano na wa mahindi uuzwao katika pakiti. Lakini mkulima apelekaye mahindi yake mwenyewe katika kinu cha kijijini na aelewe kwamba unga ule haukutiwa kitu. Ni unga mzuri, ila mke wake hana budi kupata foliki na madini ya chuma kwa njia nyingine: kwa maharagwe, kunde, sukuma wiki, mchicha na managu, kwa nyama na samaki kila vinapopatikana, na kwa vidonge vya kliniki. Afadhali mwanamke aanze vidonge vya foliki tangu wakati anapokusudia kuchukua mimba.

Vidonge vitolewavyo kliniki huwa na miligramu 60 za chuma na foliki kidogo, navyo humezwa kimoja kila siku. Wanawake wengi huviacha kwa kuwa huwaletea kichefuchefu, au kwa kuwa choo huwa cheusi, wakaingiwa na hofu. Choo cheusi si ugonjwa; ni chuma kilichobaki. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku baada ya chakula. Na jambo moja la kuangaliwa sana katika nchi ipendayo chai: chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kidonge na kimezwe kwa maji, na chai inywewe saa moja au mbili baadaye. Vilevile hamu ya kula udongo uuzwao sokoni mara nyingi ni ishara kwamba damu imepungua. Kuula hakuongezi damu, bali huenda kukazidi kuipunguza, na waweza kuleta minyoo.

Njaa ya mama hukumbukwa na mwili wa mtoto

Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa magharibi ya Uholanzi walizuiliwa chakula na majeshi ya Ujerumani hata posho ya mtu kwa siku ikashuka chini ya kalori 1,000. Wanawake wajawazito walikuwamo. Kwa kuwa njaa ile ilianza na kukoma kwa tarehe zijulikanazo, na kwa kuwa hospitali ziliandika kila kitu, wataalamu waliweza kuwafuata watoto wale mpaka utu uzima.

Waliokuwa katika miezi ya mwisho ya mimba wakati wa njaa walizaliwa wepesi, kama mtu awezavyo kutazamia. Lakini waliokuwa katika miezi ya kwanza walizaliwa na uzito wa kawaida, na kila mtu alidhani kwamba wameokoka. Walipofikia umri wa miaka 50 hivi, maradhi ya moyo yalionekana kuwa mengi zaidi miongoni mwao. Basi mtu asidanganywe na uzito wa mtoto peke yake. Mwili hukumbuka mambo ambayo mizani haiyaonyeshi, na tumbo lisiloonekana bado tayari lina mtu wa kulishwa.

Damu ya baba nayo ina neno

Watu husema kwamba kliniki ni mambo ya wanawake. Ugonjwa wa selimundu wakanusha neno hilo. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii mwaka 1949, akaona kwamba wenye chembe za ugonjwa huu katika damu ni wengi katika pwani na kando ya ziwa Victoria, na ni wachache katika nchi za juu. Mwaka 1954 alitangaza sababu: mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja haugui selimundu, na juu ya hayo hupata kinga dhidi ya malaria kali. Walakini mume na mke wakiwa wote wawili wanayo, katika kila mimba iko nafasi moja katika nne kwamba mtoto atairithi kwa pande zote mbili, naye ataugua.

Wazazi wajuapo hayo mapema, mtoto hupimwa akiwa mchanga, hupewa penisilini ya kumkinga, chanjo zake hazicheleweshwi, na homa yake haichukuliwi kuwa jambo dogo. Wasipojua, huja kulaumu majirani na mashetani mtoto akiwa amekwisha kudhoofika. Na mama pekee hawezi kulijua jambo hili lote. Nusu ya jibu imo katika mkono wa baba.

Ndivyo ilivyo pia kwa virusi vya UKIMWI. Mama mwenye virusi asipotibiwa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Hapana haja ya mtu kukimbia kipimo ambacho jibu lake lina dawa.

Kipimo si hukumu

Wako waogopao kupimwa kwa kudhani kwamba kila kipimo ni hukumu. Vipimo vingi vya kwanza ni kama mbiu ya mgambo. Ikilia kuna jambo, lakini jambo lenyewe bado halijajulikana. Presha ikifika 140 kwa 90, na mkojo ukawa na protini, muuguzi hasemi kwamba mama atapata kifafa cha mimba. Asema kwamba yampasa aangaliwe kwa karibu, maana kifafa hicho huua mama na mtoto, nacho mara nyingi huanza kimya kimya.

Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza namna ya kumwona mtoto tumboni kwa mawimbi ya sauti, baada ya kuitumia mashine iliyokuwa ikitafuta nyufa katika vyuma vya viwandani. Siku hizi kipimo hicho, ultrasaundi, chapasa kufanywa walau mara moja kabla ya juma la 24. Chaonyesha umri wa mimba, kama watoto ni pacha, na kondo limekaa wapi. Kikifanywa mapema, hesabu ya siku huwa sahihi zaidi. Wataalamu wamekwenda mbele hata zaidi. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya urithi wa mtoto huelea katika damu ya mama, na kutokana na hayo vilipatikana vipimo vya damu vya kutambua baadhi ya kasoro za urithi. Vipimo hivyo ni vya gharama, na jibu lake likiwa baya hapana budi lithibitishwe kwa kipimo kingine kabla ya wazazi kuamua neno lo lote.

Lakini mtu wa kijijini asisikitike kwamba vipimo vya mji mkuu viko mbali. Vile viokoavyo watoto wengi zaidi ni vya kawaida: tone la damu, chupa ya mkojo, kamba ya presha mkononi. Hivyo vinapatikana karibu, navyo huandikwa katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Kijitabu hicho na kihifadhiwe pamoja na hati ya shamba, kisifungiwe chumvi.

Yampasayo mwenye nyumba

Mume na aandike tarehe ya hedhi ya mwisho ya mkewe, na damu ikikosa kuja waende kliniki pamoja kabla ya majuma 12 kutimia. Na aweke nauli ya safari zote, si ya moja. Chandarua chenye dawa kiwe juu ya kitanda cha mama; na katika nchi za ziwa na pwani, apewe dawa ya kuzuia malaria kliniki tangu mwezi wa nne, kama aelekezwavyo. Ndoo na kuni zipunguzwe mgongoni mwake. Yakitokea maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, homa, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza, basi asingoje siku ya kliniki; na aende saa ile ile, mchana au usiku.

Yule mkulima alijifunza. Mkewe alipochukua mimba ya pili, alikwenda kwa mama yake jioni, akaketi na kusema, “Mama, safari hii kesho twaenda kliniki.”

“Mwezi wa tatu haujaisha, mwanangu. Mwataka kumtangazia nani?”

“Hatumtangazii mtu, Mama. Twaenda kumwambia sista peke yake, naye kazi yake ni kutunza siri.”

Mama mzee alifikiri. Alimtazama mjukuu wake, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa akijikokota kwa kushika ukuta. Kisha akafungua fundo la leso yake, akatoa fedha za pikipiki.

Usiku ule mkulima alichukua daftari la ng'ombe, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe. Kila mwenye nyumba na afanye vivyo hivyo, wala asiseme kwamba mwezi wa tatu ni mapema mno.